Kwa Kila Mililita Mia

Bolton, Jumamosi, rasharasha isiyo na haraka.
Nimesimama mbele ya rafu ya vinywaji, miwani puani.
Chupa ina nanasi, ina embe, ina pasheni lililopasuliwa,
mbegu zake zinameta kama macho ya dagaa.
Huo ndio uso.
Mgongoni, kwa herufi za sisimizi:
matunda, asilimia kumi.
Tisini zilizobaki ni nani? Hazijajitambulisha.

Tunu ananivuta koti. Kitinda mimba wangu,
miaka sita, mapengo matatu:
mawili ya umri,
moja la Daktari Prendergast,
aliyeniuliza kwa upole uliochoma kuliko sindano,
"Mtoto hunywa nini?"
Nikajibu kwa fahari: matunda.

Basi leo ninasoma.
Wamechora taa kama za barabarani.
Mafuta, kijani. Chumvi, kijani.
Sukari, njano.
Njano si mbaya; kwenye njano dereva hupunguza mwendo, akapita.
Gramu kumi na tatu na nusu
kwa glasi moja.
Glasi ipi?
Glasi ya mililita mia na hamsini,
na chupa ni mia tano,
na huyu wangu hajui glasi, anajua mdomo wa chupa.
Waliopima walimpimia mnywaji ambaye hajazaliwa.

Nyumbani natoa mizani ya keki.
Tisa kwa kila mia, mara tano: arobaini na tano.
Namimina sukari kwenye kisahani
mpaka namba zitulie.
Kilima.
Vijiko kumi na moja, na punje za nyongeza, kama sokoni.

Hapo mkono ukasita.
Mwaka themanini na mbili, Korogwe,
mama alinituma foleni kabla ya adhana,
duka la ushirika, kilo moja kwa kaya,
kama lori limefika.
Niliweka jiwe linishikie nafasi, nikaenda kujisaidia,
niliporudi mawe yalikuwa mengi kuliko watu.
Sukari ilipopatikana mama aliifunga kwa upindo wa kanga,
akaifungia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.
Kilima hiki angekiona, angelia kwa furaha.
Mimi nimekiweka mezani kama ushahidi.

"Tunu, hii yote imo ndani ya chupa."
Akachungulia. Akachovya kidole, akalamba,
akafikiri.
"Mbona haina nanasi?"

Sikuwa na jibu zaidi ya hilo.
Nikairudisha sukari koponi, hata zile za pembeni nikazikung'uta,
maana kumwaga siwezi, mikono hii ilikulia foleni.
Nikamkatia chungwa. Akalalamikia mbegu.

Kisha nikajitengenezea chai.
Vijiko vitatu.
Kikombe changu hakina lebo.