Kufumua

Kidonda cha mama kilikataa kufunga.
Mwezi wa tatu huo, muundi wa kushoto.
Pale Russia, wodi ya wanawake, muuguzi Kageha
alibonyeza kifundo cha mguu, pakabaki shimo,
akanigeukia mimi: "Turfena anakula nini?"
Nikasema uji. Chai. Ugali na mchuzi wa sukuma,
mchuzi zaidi ya sukuma, ila hilo sikulisema.

"Dawa tumempa. Sasa mpe protini."

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu Kibuye,
nyuma ya wauza ndoo. Neno geni hulipima kwa utepe wangu.
Nikauliza: omena atafikaje muundini?
Akacheka. "Samaki hafiki akiwa samaki."

Akaeleza, nami nikasikia kazi yangu ikisimuliwa.

Kwani koti la mtumba haliji kwangu likiwa sare ya shule.
Huja limejikunja ndani ya belo, gumu kama ganda,
nami hulilowesha kwanza, mikunjo iachie.
Ndivyo tumbo lifanyavyo: asidi kali
huikunjua protini, ya nyama au ya dengu, haibagui,
ndipo wembe uingie.
Vimeng'enya havikati kitambaa ovyo. Vyatafuta mshono.
Kongosho nalo latuma nyembe zake kule chini, utumbo mwembamba,
kufumua kukiendelea hadi mapande, hadi vipande,
hadi asidi amino moja moja, kama vifungo koponi:
aina ishirini, na tisa kati yake
mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea.
Hizo sharti zinunuliwe. Sokoni. Kwa gorogoro.

Damu huzibeba. Ini huchagua.
Na huko muundini, gizani, kuna mtu ameinama
anashona ngozi ambayo samaki hakuwahi kuijua.

Vijinyuzi vinavyobaki mimi huvifagia jioni;
figo nazo hufagia vyao, vikatoka na mkojo.

Sasa sikia lililoninyima usingizi.
Stoo ya protini hakuna.
Mafuta yana ghala, sukari ina kibweta,
lakini vifungo vikiisha na kazi haijaisha
mwili huigeukia nguo uliyovaa.
Hufumua paja. Hufumua mkono.
Nikakumbuka bangili ya mama, ile ya shaba,
zamani ikimbana penye mshipa,
ilivyoanza kupanda, inchi kwa inchi, hadi kiwiko,
nami nikamwambia, mama, umependeza, umepungua.
Umepungua! Fundi mzima, mwenye macho na utepe.

Siku hizi nampikia nyoyo, maharage yaupe mwili
kile mahindi yalichokosa,
na omena wakavu wa kukaanga, vichwa na vyote.
Analalamika chumvi. Analalamika miiba.
Kingo za kidonda zimekuwa za waridi,
zimesogeleana, labda upana wa uzi.
Bangili bado inateleza.

Akidhani simwoni
humsukumia mjukuu, Awino, nusu ya sahani.
Namrudishia. Awino namwongezea kutoka kwangu.
Hapo mama huweka kijiko chini, akanikazia macho:
"Na wewe je? Wewe unashonwa na nini?"