Maagizo kwa Radim wa Ghorofa ya Tatu

Radim, ufunguo uko chini ya chungu cha zambarau,
kile kilichopasuka, kisicho na mmea.
Usiwaambie wauguzi kwamba nimekuachia dirisha zima;
washaniona ni mzee mwenye wasiwasi,
na moyo, wanasema, haupendi wasiwasi.

Kwanza maji.
Si ya bomba. Narudia: si ya bomba.
Chungulia ndani ya birika langu uone
ukoko mweupe uliogandamana kama ganda la yai.
Hiyo ni chokaa ya hapa hapa Brno.
Mimi nainywa tangu nizaliwe na sijafa,
lakini mtego-nzi ukiinywa wiki tatu
utakunja midomo, utakuwa mweusi, basi.
Usiniambie umeyachemsha.
Usiniambie ni ya chupa yenye picha ya mlima:
chokaa inatoka huko huko mlimani.

Uani, nyuma ya baiskeli ya Bibi Hromádková,
kuna pipa la buluu chini ya mfereji wa paa.
Maji ya mvua. Hayana kitu ndani,
na kutokuwa na kitu ndio utamu wake.
Toa majani, mwache kiluwiluwi wa mbu aelee;
huyo ni kitoweo cha mtu.
Usimwagie mimea kichwani. Mimina kwenye sinia,
kina cha vidole viwili, wataivuta wenyewe kwa miguu,
polepole, kama mimi nitakavyovuta kwa mrija.
Mitungi mirefu ya dirisha la kusini
hupenda kusimama majini kiangazi chote.
Ule wa jikoni, unaoning'inia, asili yake Borneo,
hautaki kuogelea: umwagilie, uchuruzike, upumue.

Sasa udongo. Hapa kaa kitini.
Mfuko ulio chini ya sinki ni mboji ya kinamasi,
haijatiwa mbolea hata chembe.
Nimeichanganya na mchanga niliouosha mara saba
na perlaiti, nyepesi kama bisi.
Ukiinusa hainuki chochote. Ndivyo inavyotakiwa.

Zamani, nikiendesha bado tramu,
nilinunua mmoja sokoni kwa mama muuza karoti.
Nikauonea huruma: chungu kidogo, udongo kama makapi.
Nikauhamishia kwenye udongo wa nyanya za baba,
mweusi, mnono, wenye samadi,
nikaongeza punje za mbolea juu, kama chumvi.
Siku tisa.
Mizizi ilitoka kama uzi uliopitishwa motoni.
Sikujua kwamba yupo kiumbe
aliyezaliwa kwenye ufukara akajifunza kuwinda,
na ukimwandalia karamu chini ya miguu
anakufa kwa ukarimu wako.

(Jarmila, binti yangu, hupiga simu Jumapili kutoka Ostrava.
Usiipokee. Au ipokee,
mwambie sinia zimejaa.)

Mitego usiiguse. Najua una miaka kumi na miwili
na kidole kinakuwasha.
Kila mdomo umepewa idadi yake ya kufumba;
ukiufumbisha bure, umeula.

Kuvumwani ikiota juu ya chungu, iache.
Ukisikia harufu ya yai viza, udongo umechoka,
lakini usiubadilishe wewe.
Nitaubadilisha mwenyewe mwezi wa pili, kabla hawajaamka.
Mwezi wa pili, nimesema. Andika kwenye kalenda.

Pipa likikauka, maana mwaka huu mawingu yamekuwa mabahili,
chini ya kitanda kuna chupa mbili za maji ya betri.
Ni za dharura.
Ila ukisikia ngurumo usiku,
usimwamshe mama yako. Shuka na soksi,
shikilia ukuta pale taa ilipoungua,
funua pipa, rudi ulale.
Nami huko nitaisikia kwenye kioo, mvua ileile.

Kifuniko, Radim.
Mambo mengine yote unaweza kuyasahau.