Kifurushi Kinacholia

Saa kumi na mbili kasorobo, simu ya posta:
"Mama, njoo uchukue kifurushi chako. Kinalia."
Aprili, Duluth, ziwa bado lina barafu pembeni,
nami nimevaa koti juu ya kanga ya kulalia.

Sanduku lina matundu ya duara; ubavuni jina langu
limekosewa herufi mbili. Ndani, vifaranga kumi na sita
wa siku mbili. Hawajawahi kumwona kuku.

Nimewapa mama wa waya na kioo chekundu,
ananing'inia kwa mnyororo juu ya bafu.
Hana mbawa. Hana sauti. Ana swichi.
Kipimajoto kinasoma nyuzi tisini na tano, za kwao,
nikaacha kukisoma, nikawasoma vifaranga wenyewe:
wakirundikana, baridi;
wakikimbilia kingo, joto;
wakitawanyika kama mahindi ya kuanikwa,
basi, naweza kwenda kupika.

Mmoja mmoja nimewachovya mdomo majini.
Mmoja mmoja, kwa pamba na maji vuguvugu,
nimewafuta nyuma palipoganda.
Arvid, jirani, akachungulia: "Naona kuku unawajua."
Nikamwambia kwetu hakuna anayemfuta kuku makalio.
Alicheka hadi miwani ikaingia ukungu.

Wa kumi na sita alikufa usiku wa pili.
Ardhi ilikuwa jiwe.
Nikamtia kwenye kopo la majani ya chai, nikangoja udongo ulegee.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawa wageni, mimi mgeni; nani amfunge nani?
Siku ya nne, bila kuonyeshwa na mtu,
yule wa kijivu alichakura maranda, akarudi nyuma hatua mbili,
akatazama alichofukua: maranda.
Akachakura tena.

Tunu, binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili
hunijibu kwa lugha ya shuleni,
nilimkuta amepiga magoti kwenye vigae:
"Njooni. Njooni basi. Nani amekukanyaga, wewe?
Pole. Pole mama."
Nilirudi kinyumenyume, soksi zikinisaidia.

Julai. Taa imerudi stoo, kuku wako uani.
Yule wa kijivu amepanda juu ya ndoo,
kooni mwake kitu kinakwaruza
kama mlango usiotiwa mafuta.
Sheria ya mji: kutaga, ndiyo; kuwika, hapana.
Arvid hajasema neno. Bado.

Jioni Tunu anakuja na blanketi lake mwenyewe.
"Tumfunike," ananiambia, kwa Kiswahili,
"asijue kumekucha."