Mlango wa Kushoto

Kuhmo, Februari. Zizi hili liliuza ng'ombe wote,
harufu ikakataa kuuzwa.
Baba yuko chini ya Lada, miguu tu nje,
kama mtu aliyeulizwa swali akajifunika blanketi.

Msimu uliopita, ukiinua gurudumu moja kwa jeki,
mlango wa kushoto ulikwama. Bodi ilijipinda.
Tukafunga springi ngumu; gari likadundadunda,
kona ya ziwani likaikata kwa kiwewe.
"Springi haina kosa," nikamwambia.
"Imeegemea uji."

Basi tukakwangua kutu mpaka chuma kikakiri.
Bomba zilizotenga ng'ombe na ng'ombe
tukazikata, tukazilaza chini ya sakafu,
moja ikavuka injini, kutoka shokapu hadi shokapu.
Nilichomelea mimi. Macho ya Eino Kyllönen
siku hizi huona mishono miwili.
Bomba moja bado lina jina, kwa rangi nyeupe: Heluna.

Kisha, ajabu, springi laini zikarudi.
Mfupa ukikaza, ndipo goti hupata ruhusa ya kukunja.

Leo jeki imepanda. Gurudumu la nyuma linaning'inia.
Baba anavuta kitasa.
Mlango unafunguka.
Anaufunga. Anaufungua. Anaufunga.
Kahawa inapoa juu ya betri,
naye yumo tu, fungua, funga,
mpaka mara ya saba anasema:
"Heluna hakutulia hivi hata siku moja.
Alinipiga teke la mbavu, mwaka wa themanini na tatu."

Mlango wa kulia hatujaujaribu.
Kesho, anasema. Tusiwe walafi.