Robota la Thelathini na Mbili

Marobota arobaini, nilihesabu mwenyewe,
yamepangwa kando ya michongoma,
meupe, yamenona, kama mayai ya ndege nisiyemjua.
Majirani wa Njoro walipunguza mwendo kutazama.

Februari, malisho yamekuwa vumbi. Nikachukua kisu.
Plastiki ikapumua.
Nilitarajia ukali wa maziwa ya mgando,
ule unaomfanya ng'ombe alambe pua kabla hujafika.
Ikaja harufu ya soksi, ya samaki wa juzi,
na joto ndani, kiganja hakikai.
Ukungu wa buluu. Udongo.
Ndala moja ya mtoto.

Lelgut akanusa, akanitazama
kama mke anayetazama risiti.
Wiki jana lita kumi na nane;
leo kumi na moja, na povu.

Barng'etuny hashiki simu.
Siku ile, juu ya trekta, alikuwa na jibu la kila kitu:
Nyasi bado zina maji? "Zitajipa."
Wingu lile? "Tuliwahi."
Nikatuma pesa moshi wake haujatawanyika.

Nimempangia maneno tangu alfajiri,
yenye meno kama mashine yake.
Lakini hili la thelathini na mbili, nikiligusa tu,
linachanika kama karatasi ya andazi,
nami nasikia sauti, si yake:
"Zungusha mara nne, fundi. Sita za nini?
Hiyo nailoni ni pesa."

Simu inaita. Ni yeye.
Naiacha iite,
nikisukuma toroli kuelekea shimo la mbolea.