Kina cha Goti

Fundi Famau kalaza mikuku miwili
juu ya makumbi, Matondoni. Chagua, kasema.
Huu mrefu una risasi tumboni:
utabisha nao, upepo ukikupiga usoni,
na chombo hakitarudi nyuma hata shubiri.
Huu mfupi utakupeleka kombo, kama kaa;
ukipata maili, nusu umeitupa.

Kubisha ndiyo kazi ya mkuku, fundi.
Lakini mimi nataka kubisha hodi.

Hakuelewa. Nami sikueleza.
Ijumaa, maji ya bamvua yakipwa,
nikashuka hori la Siyu, suruali mapajani,
nikitia ufito: shubiri nne. Tatu.
Tope, na chaza, na kisigino kikavuja damu.
Mbele, mikokoni, mama kasimama,
faili la hospitali kalifunga kwenye leso,
maji yamemfika gotini.

Ngazi za gati magoti yake yamezikataa.
Mwezi uliopita vijana wawili walimbeba
kama gunia la unga; alicheka njia nzima,
kisha nyumbani hakula.

Nikachomeka ufito kando ya mguu wake,
nikautia alama kwa kisu.

Fundi kauzungusha mikononi.
Hiki ndicho kina?
Hilo ni goti la mama.

Kanyamaza. Kautwaa mkuku mrefu, kauegemeza ukutani,
akaupima ufito tena, kwa kidole gumba.
Basi tutie ubao wa ubavuni, kasema,
kusi isije ikakutupa Kismayu
nawe bado unabisha.