Dakika Kumi na Moja

Bi Nazibrola ameniita tena:
amegonga bomba la maji kwa kijiko, mara tatu,
ndiyo simu yetu ya ghorofa ya pili kwenda ya nne.
Kutaisi inanyesha. Ngazi zinanuka kabichi na paka.
Nashuka na bisibisi, brashi ya rangi isiyowahi kuona rangi,
na ile subira niliyomwahidi mama yangu.

"Imegoma," ananipokea. Haijagoma.
Inawaka kama mtu anayetafuta miwani
na huku ameivaa.
Ameipima kwa saa ya ukutani: dakika kumi na moja
tangu abonyeze hadi picha ya mlima itokee.
Katika dakika hizo husonga unga wa mahindi,
humwagilia mnanaa wa dirishani, hupaka uso mafuta,
akirudi, kiduara bado kinazunguka
kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Naanza na maneno makubwa. Anafumba macho.
Programu, nasema, zinajiamsha zenyewe,
kila moja yataka kuwa ya kwanza.
Macho yakafumbuka.
"Ngoja. Unasema wote wanapiga simu alfajiri moja?"

Nilikuwa nimesahau: miaka thelathini na miwili
alikaa mbele ya ubao wa simu wa mji,
nyaya mkononi, kisikilizio kichwani,
akiwaunganisha wachumba, madaktari na wadai.
"Usiku Mto Rioni ulipofurika, walipiga wote.
Niling'oa nyaya za wambea kwanza.
Daktari akapita."

Basi tukang'oa wambea.
Nikamshikia kipanya, kisha nikakiachia.
Kidole kikatetemeka juu ya orodha.
Huyu nani? Wa kuchapa karatasi.
Mashine ya kuchapa niliiuza. Aondoke.
Huyu? Anatabiri mvua.
Dirisha ninalo. Aondoke.
Na huyu? Simjui, nikakiri.
"Basi mwache. Usiyemjua usimkatie,
huenda ni hospitali."
Mafundi walionifundisha kazi
hawakuwahi kunipa kanuni iliyonyooka hivyo.

Nikafungua kifuniko. Feni ilikuwa imevaa sweta:
vumbi la miaka sita, na manyoya ya chungwa.
Paka wa chungwa sijamwona humu ndani.
Akaokota kibonge kile kwa vidole viwili,
akakitia mfukoni mwa aproni, akaniambia
chai yako inapoa.

"Imebaki kumbukumbu," nikasema. "Yake ni ndogo.
Kwa Vakho kuna kipande cha kuongeza, lari arobaini."
Akacheka mpaka akashika meza.
"Kumbukumbu inauzwa! Tena lari arobaini!
Muulize Vakho kama anayo ya kunitosha mimi."
Kisha, akifuta meza iliyokwisha kufutwa:
"Juzi jina la dada yangu lilinipotea
muda wa kuchemsha yai."
Sikujibu. Nikaikaza skrubu
ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Jumatano nikachomeka kipande. Akabonyeza,
akageukia jiko, akawasha moto.
Sekunde hamsini. Mlima ulikuwa umefika,
na theluji yake yote,
maji ya sufuria hata hayajatoa povu.
Akautazama kama mgeni aliyewahi mno,
mwiko mkononi, nywele hazijachanwa.
"Sasa," akaniuliza, "mambo yangu nitayafanya saa ngapi?"
Nikadhani ni utani. Nikapanda zangu kwangu
nikijisikia fundi, nikijisikia mwizi.

Alhamisi bomba likalia mara mbili.
Mara mbili hatukuwahi kukubaliana maana yake.
Nikashuka mbio na bisibisi.
Mezani sahani mbili, jibini limeyeyuka ndani ya sima,
na kule pembeni kompyuta iko macho,
mlima wazi, mshale umetulia, tayari kwa amri.

Imekosea nini?
"Haijakosea. Kaa, unga umeiva."
Na yenyewe je, tuizime?
"Iache," akasema, akinisukumia chumvi.
"Iningoje kidogo. Mimi nimeingoja miaka sita."